Lamu kwa mfuko wa karani

Mimi ni karani wa sacco huko Thika. Kutwa nakagua hati za watu na kuuliza shilingi hii imekwenda wapi, na tabia hiyo hainiachi hata nikiwa likizoni. Kwa hiyo tathmini yangu ya Lamu haianzi na bahari wala machweo. Inaanza na nauli.

Kutoka Thika hadi gati la Lamu, kwa matatu, treni, basi na boti, kila mmoja wetu alitumia kama shilingi 3,500. Kurudi ni vivyo hivyo. Hiyo ni elfu saba iliyokwenda kabla hujalipia hata mto wa kulalia. Lakini tulipokwisha kutua kisiwani, mimi na binamu yangu tuliishi kwa kama elfu mbili kwa siku kila mmoja, chumba kikiwamo. Hapo ndipo mahali pa kupigia hesabu. Anayekwenda Lamu kwa wikendi ili abane matumizi anajidanganya: nauli ni ileile ukikaa siku mbili ama kumi. Njia ndiyo ghali, kisiwa ni rahisi. Ukiwa na likizo ya wiki nzima, itumie yote huko. Ukiwa na Ijumaa mpaka Jumapili tu, nenda Kilifi uogelee urudi kazini.

Najua kuna ndege. Zinatua Manda, kisiwa cha jirani, unavuka kwa boti dakika chache umefika. Nauli yake ni mara kadhaa ya hii yangu, na mwenye nayo hana haja ya kunisoma mimi.

Tulipanda treni ya SGR ya usiku kutoka Nairobi. Tiketi ya daraja la chini ni 1,500 tangu Januari 2024; zamani ilikuwa elfu moja, na bado kuna watu wanaopanga bajeti kwa bei ya zamani kisha wanashangaa. Sababu ya kuchagua ya usiku ni moja tu: mabasi ya Lamu huondoka Mombasa asubuhi na mapema. Ukipanda treni ya alasiri utafika usiku, utalazimika kulipia chumba Mombasa, na hicho ni kitanda cha saa sita ambacho hakimo katika likizo yako. Treni ya usiku hukufikisha Miritini alfajiri. Kituo kiko mbali na mji, kwa hiyo hesabu matatu ya kuingia mjini na muda wake, na usikubali gari la peke yako kabla ya kuangalia matatu zinazongojea hapo nje. Kama wewe ni mtu usiyeweza kulala umekaa wima, basi lipia hicho chumba Mombasa, kwa sababu siku inayofuata ni ndefu.

Basi lenyewe silitaji jina, maana sina uhakika kama tuliyoyapata ni ya kila siku. Kiti tulichokatiwa kilikuwa na wenyewe. Kondakta alitazama tiketi zetu, akatazama za wale waliokaa, akasema zote ni halali, akatuhamishia nyuma juu ya tairi. Kipoza hewa kilichoandikwa ubavuni mwa basi kilikuwa maandishi tu. Hata hivyo liliondoka kwa saa lililoahidi, na dereva hakukimbizana na mtu. Nampa alama kwa hilo, kwani ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Kilifi, Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe.

Baada ya Garsen safari hubadilika. Barabara ni lami nzuri siku hizi, lakini ina historia ya mashambulizi, na mwaka 2014 Mpeketoni ilivamiwa vibaya. Ndiyo maana mabasi husafiri mchana na vizuizi ni vingi. Mnashuka, mnapanga foleni, mnaonyesha kitambulisho, mnapanda tena. Kisha baada ya muda, tena. Kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Kijana mmoja aliyekuwa na picha tu alibaki akijieleza kwa muda mrefu na sisi sote tukimngoja juani. Kabla ya kukata tiketi uliza ofisi ya basi hali ya njia ikoje wiki hiyo. Hawa watu hupita kila siku, na hawana haja ya kuficha.

Mokowe ni mwisho wa magari. Hapo utavamiwa na wapagazi na vijana wa boti, na ukiwa na uchovu wa njiani utakubali chochote. Usikubali. Kuna boti za haraka zinazokodishwa na kuna boti ya abiria inayongoja ijae. Tulingoja ijae, tukalipa 150 kila mtu, tukavaa majaketi ya kuokolea ambayo yalishawahi kuwa ya rangi ya machungwa, na kwa muda usiofika nusu saa tukawa tunatazama nyumba nyeupe za Lamu zimejipanga ufuoni.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo bajeti nyingi huvuja. Gatini utapokewa na kijana mpole sana. Atakuuliza mmetoka wapi, ataonea mizigo yenu huruma, ataibeba, na atawapeleka kwenye gesti “ya ndugu yake.” Si tapeli. Gesti nyingi humlipa kamisheni, na kamisheni hiyo huingizwa kwenye bei ya chumba chako, kila usiku, mpaka utakapoondoka. Sisi tulisema tuna chumba Mkomani na tunajua njia. Njia hatukuijua, lakini mtaa tuliutaja kwa usahihi na hilo lilitosha akatuacha kwa heri njema, akatuambia tukitaka mashua tumtafute. Tulimtafuta baadaye kweli, nitafika huko.

Mkomani ni upande wa kaskazini wa mji mkongwe, wenye nyumba kubwa za mawe ya matumbawe. Langoni ni kusini. Kati yake unapita Usita wa Mui, njia kuu, ambayo watu wawili na punda mmoja wakikutana lazima mtu arudi nyuma, na si punda. Tulitembea gesti kadhaa tukiomba kuona vyumba. Hii ndiyo faida ya kwenda mwezi wa kumi, nje ya msimu: vyumba viko wazi na wenyewe wana muda wa kuzungumza.

Tulichochukua kilikuwa katika nyumba ya zamani, ghorofa ya pili, zidaka (vishimo vya kuwekea vitu) ukutani, dari ya boriti, vitanda viwili vya kamba na magodoro, feni, neti. Mama mwenye nyumba alianza na 3,500.

“Shikamoo mama. Sisi ni watu wa kazi, si watalii.”

“Marahaba mwanangu. Na mtalii ni nani basi? Hajaja kulala?”

Sikuwa na jibu la hilo. Binamu yangu, ambaye anauza mitumba na anajua kupatana bei kuliko mimi, akamwambia tutakaa siku nyingi, hatuhitaji kifungua kinywa wala kubadilishiwa mashuka kila siku, na tutalipa nusu sasa hivi. Mama akakohoa kidogo akasema 2,500, “na msiniletee wanaume.” Tukakubaliana. Kumbukeni hilo la kifungua kinywa. Gesti hukitoza kama hoteli, na kule nje kuna mahamri.

Chumba kama chumba nakipa alama saba kwa kumi. Kuta ni nene kiasi kwamba saa nane mchana, nje kukiwa kunaungua, ndani mlikuwa mkilalika. Juu darini kulikuwa na baraza ya makuti yenye upepo, na wenyeji wa nyumba hawakutubania. Alama zilizopungua ni hizi: neti ilikuwa na matundu ambayo tuliyafunga kwa nyuzi tulizoomba kwa mama, maji ya bombani yana chumvi, sabuni haitoi povu, na pampu ilikuwa ikizimwa mchana bila kuambiwa, ukarudi kutoka ufuoni na mchanga mwilini ukaoga kwa kopo. Na punda. Kisiwa hiki kina punda kwa maelfu, na nadhani mmoja wao alikuwa na kesi binafsi na dirisha letu. Ukiwa na usingizi mwepesi omba chumba kisichotazama uchochoro. Mwadhini wa alfajiri simhesabu kama kero. Ni mji wa Waislamu, ulijua unakwenda wapi.

Ningekuwa na la kuwaambia wenye gesti wote wa Lamu, ni hili: pigeni rangi baadaye, kwanza nunueni neti mpya.

Chakula nitakaa nacho, maana ndicho kilichonishawishi kwamba Lamu ni ya watu wenye mishahara kama yangu.

Asubuhi tulikuwa tukitoka kabla jua halijapanda kwenda kwa mama mmoja upande wa Langoni, aliyekuwa na karai lake mlangoni kwake. Mahamri shilingi kumi kila moja, mbaazi za nazi bakuli hamsini, chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Unakaa kwenye baraza ya nyumba ya mtu, jirani anakusogezea mguu upate nafasi. Mia na ishirini, mia na hamsini ukiwa na njaa ya safari, umeshiba mpaka saa saba. Mahamri yake yalikuwa mepesi, yenye tundu katikati, hayana mafuta ya jana. Nimekula mahamri Nairobi yanayouzwa mara nne ya hapo na yakakaa tumboni kama jiwe. Binamu yangu alijaribu kumuuliza siri yake, mama akajibu “tui” na kuendelea kusukuma.

Mchana tuliingia ndani ya mji, si ufuoni. Hii ni kanuni ambayo haikutuangusha hata mara moja: menyu ikiwa ukutani kwa Kiingereza yenye picha, bei imepanda, menyu ikiwa mdomoni mwa mhudumu, kaa chini. Wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa 350. Siku ya Ijumaa biriani, na ukichelewa baada ya swala utakuta sufuria tupu. Pweza wa kukaanga na nazi tulimpata kwa mama mmoja karibu na soko, sahani ndogo, ndimu, pilipili ya kusaga iliyonitoa machozi mbele za watu. Na juisi! Glasi zao za embe na ukwaju ni kubwa kupita kiasi, mia hadi mia na hamsini, baridi, na bila kubaniwa embe. Siku mbili tulikunywa juisi tukaahirisha chakula cha mchana kabisa.

Jioni mtaa wenyewe ni hoteli. Taa zikiwaka, wanatoka wenye viazi vya karai, wenye mishkaki, wenye bhajia na chatini ya nazi, wenye mkate wa mofa. Mofa ilikuwa mpya kwangu: mkate mdogo mzito wa nafaka uliookwa, unaula na nyama ya mchuzi, na mmoja unatosha. Kwa mia mbili na hamsini unakula vitu vitatu tofauti ukiwa umesimama. Baadaye kahawa tungu kwa kikombe kidogo na kipande cha halua, pale Mkunguni mbele ya ngome, ambapo wazee hukaa chini ya mikungu wakicheza bao na kubishana juu ya siasa za kaunti.

Mara moja tulikula ufuoni kwenye mkahawa wa meza nyeupe, kwa sababu binamu yangu alitaka kamba wa mawe kabla hajafa. Tulionyeshwa kamba, tukaambiwa bei kwa kilo, tukakubaliana uzito. Hesabu ilipokuja uzito ulikuwa umeongezeka jikoni. Nilimwita mhudumu, nikamwambia mimi kazi yangu ni kukagua hesabu, tuletee mizani. Mizani haikuletwa, bei ilirudi tulipokuwa. Kamba mwenyewe alikuwa mtamu, sitasema uongo, ila kwa pesa ile tungekula biriani mpaka mwisho wa likizo. Ukitaka kamba, simama mwenyewe kwenye mizani.

Sasa mashua. Huku ndiko unakoweza kupoteza au kuokoa pesa nyingi kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Usikodi mashua peke yako. Bei ni ya chombo, si ya kichwa, kwa hiyo wawili mtalipa karibu sawa na sita. Yule kijana wa gatini tuliyemkwepa tulimkuta ufuoni, akacheka, akasema alijua tangu mwanzo kwamba hatukuwa na chumba. Alituunganisha na wanafunzi wanne wa chuo kutoka Eldoret ambao nao walikuwa wakitafuta wenzao. Tisa elfu kwa sita: 1,500 kila mtu, siku nzima, samaki wa kuchoma, wali, matunda na maji ndani yake. Tulikubaliana mambo matatu kabla ya kutoa hata shilingi, nami nakushauri uyataje kwa sauti: tutasafiri kwa tanga ama kwa mashine, na kama ni mashine mafuta ni ya nani, samaki amenunuliwa ama “tutamvua njiani,” kwa sababu asiyevuliwa haliwi, na tunalipa nusu kwenda, nusu tukirudi.

Nahodha alikuwa mzee mkimya. Tulitaka kuanza saa tatu asubuhi baada ya mahamri.

“Dada, Takwa haina saa. Ina maji,” akasema.

Na kweli. Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili kwenye kisiwa cha Manda, uliostawi katika karne ya 15 hadi ya 17 kisha ukahamwa. Kufika kwake unaingia mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na maji yakipwa mkondo unakuwa tope. Tuliondoka alfajiri bado giza halijaisha. Tukapita kati ya mikoko bila mashine, nahodha akisukuma kwa upondo, kaa wakikimbia kwenye mizizi. Magofu yenyewe si makubwa. Kuna msikiti ambao nguzo imesimama juu ya ukuta wake wa kibla, na kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya 1680, ambalo watu wa Shela bado huja kuliombea dua. Mlinzi alitueleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma shuleni. Kaa nusu saa, si zaidi, maana nahodha anatazama maji, hatazami picha zako.

Baadaye tulivuka hadi Manda Toto kuogelea juu ya matumbawe. Miwani ya kuogelea waliyokuwa nayo ilikuwa miwili kwa watu sita na mmoja ulivuja. Kama unayo yako ibebe. Samaki walichomwa ufuoni kwa makaa, changu wakubwa waliopakwa ndimu na pilipili, na kwa hilo peke yake ningelipa tena 1,500. Kurudi kulikuwa kwa tanga, upepo umelegea, tukachelewa hadi jioni. Wanafunzi walilala. Mimi niliunguzwa miguu na jua, kwa sababu kwenye mashua hakuna kivuli isipokuwa cha tanga, nacho huhamahama. Beba leso mbili, moja ya kuvaa na moja ya kujifunika. Alama tisa kwa kumi. Moja nimeiondoa kwa ajili ya ile miwani.

Shela ni bure, na watu wengi hulipa. Ni kijiji kilicho kama kilomita tatu kusini mwa mji, na ufuo wake unaendelea kilomita 12 wa mchanga mtupu. Boti za kwenda huko hukuita kila hatua. Ukitembea kando ya maji, dakika arobaini na tano umefika, ilimradi maji yamekupwa. Yakijaa, sehemu za njia hufunikwa na itakubidi uzungukie ndani. Tulitembea asubuhi kwenda na kurudi kwa boti ya kuchangia, tukiwa tumechoka, kwa 150. Shela yenyewe ni ya mifuko mingine. Nyumba zimekarabatiwa na wageni, zina maua ya bugenvilia na mbao za milango ambazo bei yake sitaki kuijua, na hoteli ya Peponi iko pale ufuoni tangu 1967. Nilitazama bei ya kikombe cha kahawa mahali fulani, nikakunywa maji niliyobeba. Lakini mchanga na bahari havina lango. Kumbuka hakuna kivuli hata kimoja baada ya kijiji kwisha, hakuna waokoaji, na si vizuri kwenda mbali peke yako jua likishaelekea kuzama. Vile vilima vya mchanga nyuma ya ufuo msivifanyie mchezo wala kuacha taka. Chini yake ndiko kuliko na maji matamu ambayo mji mzima unategemea.

Makumbusho ni ya nusu siku, na kiingilio cha raia ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni, kwa hiyo beba tena kile kitambulisho. Ngome ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 19, muda mfupi baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, katika vita vya Shela, ikamalizika 1821, na kwa miaka mingi ilikuwa gereza. Makumbusho ya ufuoni yana siwa ya Pate, yaani baragumu kubwa la pembe ya ndovu, na hiyo ndiyo ningependa usiikose. Hiyo ya Posta ya Wajerumani unaimaliza kwa dakika kumi ukiwa msomaji wa polepole.

Bila magari, hakuna nauli ya ndani ya mji, na hili ni jambo kubwa kwenye daftari kuliko unavyodhani. Nairobi kila ukitoka nje ya mlango umeshalipa. Hapa siku nzima hupita umetumia pesa kwa kula tu. Bodaboda utaziona nje ya mji mkongwe, hutazihitaji.

M-Pesa inafanya kazi hadi kwa mama wa mahamri, benki zipo mjini, lakini beba noti ndogondogo kwa ajili ya boti.

Kuhusu wakati: ukienda wakati wa Maulidi, mji hujaa wageni kutoka pwani yote na nje, vyumba hupanda na huisha, ukienda kwa ajili ya Maulidi yenyewe ni jambo jingine, basi weka chumba mapema mno. Tamasha la utamaduni la Novemba, lenye mashindano ya punda na mashua, ni vilevile. Desemba bei ni ya watu wa Ulaya. Mwezi wa nne na wa tano ni masika, chumba utakipata kwa bei ya kutupa na utakaa ndani yake ukitazama mvua. Katikati ya mwaka kusi huvuma na bahari huchafuka, mashua zikawa za wenye matumbo magumu. Ramadhani inawezekana, ila mikahawa ya mchana hufungwa na si adabu kula njiani. Utakuwa mtu wa usiku kama wenyeji, na futari ya Lamu nimeisikia ikisifiwa sana. Mwezi wa kumi, kati ya kusi na kaskazi, kwangu ulikuwa sawasawa: bahari shwari, joto la kuvumilika, na wenye vyumba wanaokubali kuzungumza.

Kina dada mtakaoniuliza: tulitembea wawili, usiku na mchana ndani ya mji, hatukuguswa na mtu. Maneno yalikuwepo, mengi ya utani, na “asante kaka, tumeshapata” iliyamaliza. Suti ya kuogelea ni ya ufuoni Shela. Mjini vaa dera, au funga leso juu ya suruali, na utaona bei nazo zikilegea kidogo.

Jambo langu la mwisho kukuambia ndilo la kwanza kufanywa. Siku uliyofika, kabla hujafungua mkoba, kata tiketi ya kurudi kwenye ofisi za mabasi pale mjini. Mabasi huondoka Mokowe asubuhi, kwa hiyo utahitaji boti ya alfajiri, na mama wa gesti atakuwa amelala. Mlipe usiku na umwachie ufunguo alipokuonyesha. Chagua kiti cha upande wa kulia. Jua la asubuhi hukaa kushoto mpaka mfike Malindi.